Palipokutana Utepe wa Bi Shamsa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Shamsa Mbaruk wa Mtaa wa Msimbazi, fundi wa mifarishi, yale matandiko ya viraka yenye pamba katikati. Bi Shamsa alituaga Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Kariakoo walimjua kwa ua. Kila mfarishi wake ulikuwa na ua dogo la kitambaa pembeni, na wateja wakadhani ndiyo alama yake. Kumbe ua lile lilificha aibu. Bi Shamsa, fundi wa miaka thelathini, hakujua kuunganisha ncha za utepe wa ukingoni. Alipandisha moja juu ya nyingine, pakatokea kinundu, akakifunika kwa ua.

Mwaka 2016 alikuwa na wanafunzi sita. Mmoja, Jovitha, aliyekuwa na wiki mbili tu pale, alipapasa ua kwa kidole. Akasema kwa adabu kwamba mama yake alimfundisha kuunganisha bila kinundu.

Masikio ya Bi Shamsa yakawaka. Akamwambia mbele ya wenzake, "Umekuja kujifunza au kunipima? Chukua mkoba wako."

Jovitha akaondoka. Kesho yake hakurudi.

Arwa, binti wa marehemu, anasema mama yake hakula siku ile. "Nilimuuliza ana nini. Akanijibu, 'Nimemfukuza mtoto wa watu kwa kusema kweli.'"

Wiki nzima kila mteja aliposifia ua, Bi Shamsa aliinamisha uso. Siku ya nane akavuka kwa kivuko cha Magogoni hadi Kigamboni, akamkuta Jovitha uani anafua. Binti akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Bi Shamsa aliitikia marahaba. Akaomba radhi, akaomba na kufundishwa.

Jovitha alikamua nguo, akaianika, ndipo akajibu. "Nimekusamehe, mwalimu. Ila ulinisema mbele ya wenzangu."

Bi Shamsa akaelewa.

Jumatatu, Jovitha akiwa amerudi, mbele ya wanafunzi wote, alichukua mkasi akafumua ua la mfarishi mmoja. Akawaonyesha kinundu. Akasema, "Kuunganisha bila hiki sijui. Jovitha anajua, nami nilimfukuza." Jovitha akakutanisha ncha mbili za utepe kama msalaba, akashona mshazari, akapunguza ziada, akalaza utepe. Ukalala bapa. Bi Shamsa akajaribu, akakosea, akafumua. Mara ya nne akapatia.

Tangu siku ile hakushona ua tena. Mteja akiuliza, alimweleza kisa chote, pamoja na jina la Jovitha. Arwa anasema kila alipokisimulia alitazama chini. "Aibu haikumtoka. Alisema bora ikae, itamshika ulimi."

Bi Arwa, wanafunzi wa Bi Shamsa, na majirani wa Msimbazi, poleni sana. Mola amlaze pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni nani tuliyemnyamazisha kwa sababu alikuwa sahihi? Kama yu hai, tumfuate. Na kama tulimwaibisha mbele za watu, tukamwombe radhi mbele ya watu wale wale.