Fundi Miguu Sita, Aliyekataza Mzigo Juu ya Paa

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, kwa agizo la mjane. Juzi asubuhi mjane huyo alimwekea shemeji yake karatasi na kalamu mezani, akasema, "Utaandika wewe. Na uandike yote, usinirembee." Kwa hiyo yote yamo, hata yale ambayo mwandishi angeomba ardhi immeze kabla ya kuyasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo. Mtoto wa pili alichelewa miaka kumi na minne, wazazi wakiwa wameshakata tamaa. Wazazi hao walifariki wakifuatana mwaka 1990, na marehemu, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akawa baba na mama wa mdogo wake. Alipika vibaya, jambo hilo tusilifiche. Lakini hakuna siku ambayo mtoto yule alilala na njaa, wala siku aliyokwenda shule na kifungo kilichokatika.

Mwenyewe alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Mwalimu wake wa hesabu alimkuta siku moja amelipindua dawati miguu juu, anakagua misumari. Alipoulizwa, alijibu, "Mwalimu, linayumba. Nataka nijue mguu unaotudanganya ni upi." Alichapwa kwanza, kisha akapewa nyundo. Mwaka 1984 na 1985 alisomea kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, na baada ya hapo alifanya kazi miaka tisa kwenye karakana ya kuunda mabodi ya mabasi.

Tarehe 3 Februari 1995 alifungua banda lake karibu na wauza matairi, na hapo ndipo alipopata jina la Miguu Sita, ambalo wengi wenu mlidhani ni la kuzaliwa. Alitengeneza keria, zile fremu za chuma za kubebea mzigo juu ya gari, na zaidi alitengeneza za magari ya porini yenye paa la faiba linalovuliwa. Kila mteja alikutana na maswali matatu kabla hajapewa kiti. Unabeba nini? Paa unalivua mara ngapi? Utapanda juu gari likiwa limesimama au linatembea? Aliyejibu kwamba anataka tu gari lipendeze aliambiwa aende kwa muuza stika.

Maana msimamo wake ulikuwa mmoja, na hakuulegeza kwa mkubwa wala mdogo. Paa la kuvuliwa limetengenezwa kuzuia mvua na jua, halikutengenezwa kubeba. Keria ya gari la namna hiyo lazima isimame kwa miguu yake yenyewe, sita, iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi, na paa lipite chini yake bila kuguswa. Alisema pia kwamba mzigo wa kilo mia gari likisimama ni kilo mia, ila gari likiingia kwenye mashimo mzigo huo huo unakuwa wa kilo mia tatu. Na kila gari lililotoka bandani lilitakiwa kusimama baada ya mwendo mfupi ili boliti zikazwe mara ya pili, kwa sababu chuma kipya hujikalisha na kulegeza boliti. "Kaza tena," alikuwa akisema, huku akizungusha kiganja hewani. Mdogo wake alijiunga naye bandani mwaka 2000 na aliyasikia maneno hayo mpaka yakamchosha.

Tarehe 6 Desemba 1997 marehemu alifunga ndoa na binti wa jirani. Siku ya kuhamisha vitu vya bibi harusi alifika na utepe wa kupimia, akazunguka kabati mara tatu. Mjane bado anasema, "Mwanamume huyu alilipima kabati kabla hajanitazama mimi." Kabati lilifika bila mkwaruzo. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwaka 2021. Moshi wa miaka thelathini na mitano ulikuwa umejenga kiota humo. Alikabidhi banda kwa mdogo wake, pamoja na gari lake mwenyewe lenye paa la kuvuliwa na keria ya miguu sita, akawa anakaa kwenye kiti mlangoni na kutazama wengine wakikosea.

Sasa yale mazito. Mwezi wa Machi mwaka huu, joto lilipozidi, mdogo wake alitaka kuendesha gari paa likiwa wazi. Kulegeza keria ile ili paa litoke kulichukua saa nzima, naye akaona tabu. Akaing'oa, akaiegemeza ukutani nyuma ya banda, akafunga keria nyepesi ya vyuma viwili inayobana kingo za paa na kutoka pamoja nalo. Marehemu aliishika kwa mkono mmoja, akaitikisa. "Hiyo ni kofia," alisema. "Siku ukibeba kitu cha maana, itakuumbua." Mdogo wake akajibu, "Kaka, mimi sibebi kitu." Wote wawili walicheka.

Tarehe 9 Mei alianza kukosa pumzi. Zahanati ilisema apelekwe hospitali kubwa, kilomita mia moja na arobaini, na gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Viti vya nyuma viliondolewa, marehemu akalazwa ndani kwenye godoro, na mtungi wa oksijeni ukawekwa ubavuni mwake. Kwa kuwa ndani palijaa, mdogo wake alipandisha juu gurudumu la akiba, madumu ya maji na mafuta, na mizigo ya wasafiri watatu. Keria ya miguu sita ilikuwa nyuma ya banda, hatua kumi na mbili kutoka pale. Hakukumbuka. Au alikumbuka, akasema hakuna muda. Ameulizwa na mjane, na hana jibu la kweli zaidi ya hilo.

Baada ya kilomita sitini za mashimo, paa lilianza kulia. Marehemu, aliyelala akilitazama, alivua barakoa ya oksijeni akasema, "Simama. Linapasuka." Mdogo wake alimsikia. Alimsikia vizuri. Akasema, "Tulia kaka, tumekaribia," akaongeza mwendo. Muda mfupi baadaye paa lilipasuka katikati, keria ikateleza na mzigo wake wote na kuvunja kioo cha mbele. Saa mbili na dakika arobaini zilipotea barabarani, na oksijeni iliisha kabla hawajafika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii aliyevunjika hakuwa yule aliyekataa kusikia.

Hospitalini marehemu hakulaumu mtu. Laiti angelaumu! Tarehe 11 Mei mchana alimshika mdogo wake mkono, akazungusha kiganja hewani, ishara ile ile ya bandani. Saa kumi na dakika ishirini jioni akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Mdogo wake alimuuliza daktari kama zile saa mbili zingemwokoa. Daktari alivua miwani, akasema, "Sijui." Anayeandika haya atalibeba neno hilo mpaka naye alazwe hapa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, mjukuu wa miezi saba, na mdogo wake.

Aya hii haimo kwenye karatasi mlizonazo. Imeongezwa kwa kalamu asubuhi ya leo. Mjane alikataa gari la kukodi. Alichukua spana ya marehemu, akamkabidhi shemeji yake mbele ya watoto, akasema, "Mrudishie keria yake. Atakwenda juu ya miguu yake." Hakusema amesamehe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Miguu sita imefungwa, gari halina paa tena, na jeneza limekuja juu yake. Mlioshangaa msafara uliposimama kwenye kona ya wauza matairi, na mtu akashuka na spana huku analia, sababu ndiyo hiyo.

Keria yako haikulia njia nzima, kaka. Nilisimama, nikakaza tena zote. Pumzika kwa amani.