Bibi wa Upande wa Pili

Ndani ya basi dogo linaloteremka kutoka El Alto, mji wa mlimani, Saturnina alinong'ona vitenzi vya Kihispania macho kafumba: ninapika, nilipika, nitapika. Akiyafumbua, vyote vinamtoroka.

"Hivyo hutavishika, mama," abiria kijana wa pembeni akamwambia kwa Kiaymara, lugha yao. "Vinashikwa kwa maongezi. Huna wa kuongea naye?"

"Yupo Elvira, mama wa mke wa mwanangu. Mjukuu wetu hajui Kiaymara, basi hadithi zote anasimuliwa na huyo."

"Si umuombe akufundishe?"

"Nimuombe yule? Heri niwe bubu."

"Basi mwachie Elvira huyo mtoto."

Basi likasimama. Elvira alikuwa mlangoni na mjukuu mgongoni, wanacheka. Saturnina akashuka, kisha akarudi dirishani kwa yule abiria.

"Mwanangu, 'nifundishe' kwa Kihispania wanasemaje? Sema polepole, yule asisikie."