Ombi la Kwanza kwa Eneo Hili

Wapendwa, nimesimama kumshukuru Mungu, na nimesimama nimekasirika. Yote mawili ninayo kifuani, msinichagulie moja. Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda huu kabla ya kapu la ujenzi kupita, ili mioyo ipate joto mchangie msingi wa kanisa jipya. Akaniambia, "Mama, sema kwa upole." Nimejaribu tangu asubuhi, imeshindikana.

Wengi mnanijua kama mama wa mchele wa pale sokoni. Kwetu ni upande wa Mwanhuzi. Kule maji huendi kuyachota tu, unayachimba. Kiangazi binti anafukua mchanga wa mto mpaka mkono unazama hadi begani, ndipo apate kikombe kimoja cha maji ya tope. Nimekua hivyo. Kwetu mtu mwenye eneo karibu na maji anahesabiwa tajiri hata kama zizi lake ni tupu. Lishikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mume wangu alipofariki niliuza ng'ombe tuliobakiwa nao, nikaja hapa Bariadi na wanangu wawili. Mkoa ndio umeanza, ofisi zinajengwa, kila mtu anataka kiwanja. Na mnajua mambo ya soko huria. Pamba inanunuliwa na kila mwenye mizani, na ardhi nayo ikawa inanadiwa kwa kipaza sauti kama dawa ya panya. Bwana mmoja wa viwanja, simtaji, akatupeleka wanunuzi kule bondeni. Greda lilikuwa limesawazisha majaruba ya zamani ya mpunga, mawe ya mipaka yamepakwa chokaa, yanapendeza. Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi tupu.

Nikamuuliza, "Kipi kiko karibu zaidi na mto?"

Ndugu zangu, yule bwana alinitazama, akatabasamu, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, wewe una jicho! Hicho cha chini kabisa. Ila bei yake imechangamka kidogo."

Nikalipa kuliko wenzangu ili nikae karibu na maji. Chekeni tu. Hata mimi siku hizi nacheka, ila si kila siku.

Nilijenga kwa tofali za kuchoma, chumba baada ya chumba, kila gunia la mchele likiisha naongeza kozi mbili za ukuta. Tukahamia. Masika ya kwanza, siku moja mchana, niko sokoni, jua linawaka, mvua ilikuwa imenyesha huko juu Itilima wala sisi hatukujua. Nikasikia watu wanasema mto umevunja kingo. Nilikimbia nimeacha mizani yangu wazi. Niliwakuta wanangu wamesimama juu ya meza, wameshikana, maji yamefika usawa wa meza na yanapanda. Jirani alikuwa ameshaingia kuwabeba. Jioni ile ukuta wa nyuma ulilala chini, na magunia yangu ya mchele yakavimba mpaka yakapasuka.

Mlinipa chumba cha shule ya Jumapili, nikalala humo na watoto. Asanteni. Nawashukuru kwa chumba, lakini maneno yenu siyashukuru, na leo nitayasema. Mlikuja mmoja mmoja na vyakula vyenu mkaniambia, "Mama, ni mapenzi ya Mungu." Wengine mkanong'ona nyuma ya mlango kwamba wazee wa marehemu wamekasirika kwa kuwa niliuza ng'ombe zake. Nikayaamini yote mawili. Niliacha kuimba. Niliishi ndani ya kanisa na siingii ibadani, mlango mmoja kutoka hapa nilipo. Nilikuwa nimeshakopa mbuzi wa kumpelekea mganga awatulize wafu wangu. Naam, msigune, kuna wenzangu humu wanaijua njia hiyo vizuri.

Nilipomwendea yule bwana wa viwanja, alisema hivi: "Mayu, mimi nauza ardhi, siuzi mvua. Mvua ni ya Mungu." Mnaona? Hata yeye alikuwa mhubiri.

Aliyenitoa shimoni ni dada mmoja yumo humu, hapendi kutajwa. Alinikuta nafunga kamba ya yule mbuzi. Akauliza mbuzi wa nini, nikamwambia. Hakunisema. Akatoa simu yake, akakaa chini karibu nami, akafungua ramani ya mtandaoni ya watu wa mambo ya maji. Nikaona Bariadi yote kutoka juu, mabati yanang'aa, mto unapinda. Akavuta, akavuta, mpaka nikakiona kiwanja changu na ule ukuta ulioanguka. "Weka kidole hapo," akasema. Nikaweka. Ikatokea alama nyekundu, na pembeni maneno: omba taarifa ya kimo cha mafuriko. Unabonyeza, unaandika namba yako ya simu, basi. Hawaulizi wewe nani. Bure kabisa.

Palepale ukaingia ujumbe. Nimeukariri kama aya: "Ombi lako limepokelewa. Hili ni ombi la kwanza kwa eneo hili."

La kwanza! Ndugu zangu, nawaambia, nilisimama. Bonde limepimwa, limechorwa, limegongwa mihuri, limeuzwa kwa kipaza sauti, familia zimehamia, na hakuna hata mtu mmoja aliyeweka kidole akauliza maji yanafika wapi! Si muuzaji, si wa mihuri, si sisi. Baada ya siku chache jibu likaja: mvua kubwa ikinyesha, maji mahali pale hufika kama kifua cha mtu mzima, hapafai makazi. Habari hiyo ilikuwepo kabla ya lile greda. Nilikuwa nataka kumchinja mbuzi wa watu kwa ajili ya kitu ambacho kiko kwenye simu.

Hasira ilinipanda nikapona. Wengine mnaponywa kwa kuwekewa mikono, mimi niliponywa kwa hasira. Nilimrudisha mbuzi kwa mwenyewe.

Kiangazi kikarudi, na yule bwana naye akarudi na kipaza sauti chake kuuza vilivyobaki. Mimi niko pale nakusanya tofali zangu nzima nzima. Nikawaona mtu na mkewe, wametoka Kiloleli, mama ana mimba kubwa, wamesimama kwenye kiwanja kinachopakana na changu. Nikamsikia yule muuzaji anamwambia huyo mama, "Mayu, wewe una jicho!"

Nikapiga mwano.

Nyie Wasukuma mnajua. Wageni niwaeleze: mwano ni lile yowe la hatari, ukilisikia unaacha chungu jikoni unakuja na fimbo. Asiyekuja anatozwa faini. Na anayepiga bila sababu naye anatozwa. Ilikuwa mchana, watu wako kwenye kuchuma pamba. Walikuja mbio kutoka pande zote, na kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, mbele.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi."

"Moto?"

"Hakuna. Nimeita kwa ajili ya maji."

Watu wakatazama mto. Mchanga mkavu, kuku wanaparura. Wengine wakaanza kucheka, na yule bwana wa viwanja akacheka kuliko wote. Akasema, "Mjane huyu msiba umempanda kichwani."

Kamanda hakucheka. "Mama, mwano hauna mchezo. Onyesha."

Nikampa simu, akasoma kwa sauti lile jibu la kimo cha maji. Kisha nikamwambia, "Baba, sogea, egemea huu ukuta wangu uliobaki." Akaegemea. Mstari wa tope ulikuwa bado umekauka kwenye tofali, kutoka pembe hadi pembe. Ulimpita kifuani, hapa, na yule baba ni mrefu. Yule mama mjamzito alikwenda akasimama kando ya kamanda, akautazama ule mstari unapomfikia yeye. Ulimfika shingoni. Akamshika mumewe mkono wakaondoka.

Muuzaji aliambiwa na kamanda hatauza hata jiwe la chokaa mpaka anipe kiwanja kingine juu, kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Alinipa. Na wale waliokuja na fimbo walisema hawawezi kuitikia mwano warudi mikono mitupu, wakabeba tofali zangu kupanda kilima. Mimi nilitozwa faini ya jogoo, kwa sababu mwano wa maji ambayo hayajafika haumo katika taratibu zao. Nililipa. Tulimla pamoja siku ya kuweka msingi.

Nawashukuru wale wabeba tofali. Namshukuru jirani aliyeingia majini. Namshukuru dada wa simu, aliyeacha kunihubiria akaniambia niweke kidole. Namshukuru Mungu, ambaye nimemwomba msamaha kwa kumsingizia. Somo langu ni hilohilo la wahenga, kuuliza si ujinga. Mapenzi ya Mungu tuyaseme baada ya kuuliza, si badala ya kuuliza.

Sasa kapu linataka kupita. Wazee wa kanisa, jana nilikwenda kukiona kiwanja chetu kipya cha kanisa. Ni kizuri, tambarare, kiko karibu na mto. Nikaweka kidole. Jibu lenyewe halijaja bado. Lakini ujumbe wa kupokea umeingia, simu hii hapa, nawasomea.

"Hili ni ombi la kwanza kwa eneo hili."

Kapu lisubiri. Naketi.