Stuli Jikoni mwa Meli

Gari la abiria la Peugeot lilitoka Kajiado, na kufika Isinya, Nyawira, muuza mitumba aliyeketi na Mama Nzula, alishajua habari zake zote. Nzula ni mhudumu kwenye meli ya watalii na hajakanyaga nyumbani miaka sita. Sasa amempatia mamake nafasi ya wiki nzima melini, na jibu analingojea leo, kwa simu ambayo mamake atampigia akifika Kitengela.

“Unafikiria nini, mama? Kula, kulala! Mimi ningekuwa nishapanda.”

“Nimepikia shule miaka ishirini. Nikae tu wiki nzima kama mgonjwa?” Mama Nzula akaguna. “Na nani ataniletea sahani? Si ni Nzula? Nimwite, ‘Siste, ongeza chai’?”

“Kwani alipokuwa nyumbani hakuwa akikuletea chai?”

“Nyumbani akileta, alikuwa anaketi. Tulikuwa tunachambua sukuma, na majirani pia tunawachambua.”

Gari likasimama Kitengela, Mama Nzula akashuka. Nyawira akachungulia dirishani.

“Sasa utamwambia nini?”

“Nitamuuliza kama jikoni kwao kuna stuli ya mgeni.”

“Na wenye meli wakikataa?”

Mama Nzula alishavuka barabara, akikunja mikono ya sweta kama mtu anayekwenda kupika.