Chumvi Imepanda kwa Bekchan

Kijiwe chetu huku mkoani Khorezm ni kitanda cha mbao kando ya mfereji, na kahawa yetu ni chai ya kijani. Unavua viatu, unapanda, unabishana. Asubuhi ile ya machipuko utani uligoma, maana Bekchan alikuja na tawi la mwaprikoti lisilo na ua hata moja. Miti ile ya matunda aliipanda na marehemu mkewe. Sasa ardhi chini yake ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa unga.

Bekchan: Inakufa, jamani. Naiona hivi hivi inakufa.

Mhandisi (aliwahi kutengeneza pampu, jina likamganda): Chumvi hiyo inaletwa na upepo, toka kule bahari ilikokauka.

Redio (hata msibani hanyamazi, ndiyo asili ya jina): Upepo gani unaochagua shamba la mtu mmoja? Ni mwezi huo! Ukijaa, unaivuta chumvi juu.

Mhandisi: Redio, betri zimekwisha wewe!

Bekchan: Nimeiosha ardhi kwa maji majira yote ya baridi. Maji yanazama, yanarudi na chumvi yake.

Mhandisi: Basi ardhi imekununia. Mbona pamba haisumbui? Mwaka jana mfereji ulipokauka, si tuliziba mtaro wa kutolea maji, maji ya ardhini yakapanda, pamba ikanywa kutoka chini? Akili nyingi huondoa maarifa!

Redio: Hapo umenena, kaka.

Akafika Hulkar na mkate wa moto. Ni mke wa mtoto wa Bekchan, hata mwezi hajamaliza kijijini. Akainama kutusalimu, akasikiliza kidogo.

Hulkar: Samahani, wazee wangu. Mtaro huo si ndio ulikuwa unaondoa maji ya chumvi?

Mhandisi: Ndio huo huo, mwanangu.

Hulkar: Sasa mmeuziba, chumvi itokee wapi?

Mhandisi akamega mkate, asiule. 

Redio: Lakini Bekchan... tukiuzibua na mfereji ukakauka tena, pamba je?

Bekchan: Koleo la kwanza la udongo wa kuuziba nilitia mimi mwenyewe.

Akaliweka tawi juu ya kitanda, taratibu, akashuka kutafuta viatu. Roho iliniuma. Redio akatikisa birika: tupu. Basi nasi tukaanza kushuka, mmoja mmoja.

Mhandisi alikuwa wa mwisho.

Mhandisi: Nani ana koleo la ziada?