Watu Kumi na Tisa Nyumbani kwa Bi. Yuliana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, karani wetu Bi. Yuliana Kasimiri anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya furaha. Nitajaribu.

Alikuja ofisini kwetu, ofisi ya kata Msamvu, akitokea Kinole milimani, na mpaka leo hanywi chai isiyo na mdalasini wa kwao. Anayelalamika huambiwa akachemshe yake.

Kazi yake ilikuwa kuandika barua za utambulisho. Bila barua hiyo hupokelewi kwenye makazi ya wazee, na barua haitoki bila namba ya nyumba. Yaani ili upewe pa kuishi, kwanza useme unaishi wapi! Wanaolala kwenye vibaraza vya maduka karibu na stendi walikuwa wakirudishwa mlangoni. Bi. Yuliana alishindwa kuvumilia, akaanza kuwaandikia namba ya nyumba aliyopanga yeye.

Siku moja mjumbe alipita kuhakiki daftari la wakazi. Kwenye karatasi alikuwa na watu kumi na tisa. Ndani ya vyumba viwili alimkuta mama mmoja na paka. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Kuhusu mafanikio, nisiwadanganye. Kati ya hao kumi na tisa, watatu walipata pa kulala. Wawili aliwazika. Wengine hatujui waliko, na hakuna anayewaulizia ila yeye.

Amebaki Mzee Mwinshehe, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na mafuriko. Baada ya miaka miwili ombi lake la makazi ya wazee limejibiwa: afisa atakuja tarehe 8 Julai kumhakiki nyumbani. Nyumbani ni kwa Bi. Yuliana, naye anarudi Kinole, na mpangaji mpya anaingia tarehe mosi. Mzee alipoelezwa aliuliza tu, "Sasa mwanangu, mimi niwe wa nyumba gani?"

Bi. Yuliana alipita meza kwa meza akituomba mmoja wetu amwandikishe mzee kwake. Tuko kumi na wawili. Kila mtu alikuwa na sababu. Mimi nilisema mwenye nyumba wangu hatakubali, na wala sikumuuliza. Naona aibu.

Dada Yuliana, asante kwa yote. Ijumaa tulikuaga kwa blanketi zito, tukijua Kinole kuna baridi. Jana nililiona kwenye kibaraza cha duka, mabegani mwa Mzee Mwinshehe. Ukaishi vizuri huko kwenu, dada yetu, na utusamehe.