Sista Pindua na Kiatu cha Daktari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita katika zahanati hii, Sista Pindua atakabidhi funguo za chumba cha sindano na kwenda nyumbani. Wahariri wa jarida letu wameniomba mimi, niliyekuwa daktari wake mkuu, niandike wasifu wenye furaha. Nitajitahidi. Nina miaka themanini na minne na mapafu yangu yameshanipa notisi, kwa hiyo nikitia chumvi sitapata muda wa kuomba radhi.

Jina la Pindua alilipata kwa sababu hakuweza kupita karibu na maji yaliyotuama bila kukipindua chombo chake: makopo, tairi, sinia la chini ya friji, hata bakuli la paka wa mlinzi. Mlinzi alikuja kumshitaki kwangu. Sista alijitetea kwamba paka ana miguu ya kutafuta maji kwingine.

Katika mwaka wake wa tisa homa zilizidi. Lazima niseme tulivyofanya kazi siku hizo. Kila asubuhi, kabla ya chai, niliandika "malaria" kwenye kadi hamsini za wagonjwa ambao bado hawajatoka hata kwao. Ilipunguza foleni. Sista aliona majibu ya maabara: wengi hawakuwa na kimelea hata kimoja. Alipowauliza maumivu yako wapi, walimwonyesha nyuma ya macho na kwenye viungo. Baadhi walikuwa na vipele kifuani. Akaja kuniambia hii ni dengi, ile wengine wanayoiita kidingapopo, na kwamba mbu wake huuma mchana kweupe. Nilimuuliza daktari hapa ni nani. Aliinua chombo cha maua kilichokuwa mezani pangu, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakicheza humo kama wanafunzi wakati wa mapumziko.

Wiki iliyofuata nikaugua. Nikajiandikia malaria, na kwa maumivu ya viungo nikajiandikia aspirini. Sista alikuja nyumbani, akamwomba mke wangu chai, na chai ilipofika aspirini yangu ilikuwa imeshahamia kwenye mkoba wake. Aliniachia parasetamoli, jagi la maji na amri moja: "Kunywa, Daktari. Ukitaka kunifukuza kazi, nifukuze ukiwa hai." Mke wangu, ambaye nilidhani yuko upande wangu, akanishikia kikombe.

Siku ya nne homa ikashuka. Nikaoga, nikavaa tai. Sista alipoiona ile tai, alichukua kiatu changu cha kushoto akakikalia. Alisema homa ya dengi inaposhuka ndipo pa kuogopa: tumbo likiuma sana, mtu akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, ni hospitali mara moja. Nilimwita mwehu. Saa sita mchana tumbo lilikuwa linanikata na fizi zinatoa damu. Nilifikishwa hospitali kubwa na kiatu kimoja, nikawekewa dripu siku tatu. Waliniambia kwamba kwa hali ile aspirini ingeweza kunimaliza.

Niliporudi kazini nilikuta kiatu changu cha kushoto juu ya kabati la dawa, kimepinduliwa kisituamishe maji. Kadi zangu hamsini zilikuwa zimetupwa, na wagonjwa wakawa wanaulizwa kabla ya kuandikiwa. Zahanati nzima ilikuwa inacheka.

Mimi sikucheka. Siku hiyohiyo nilimwandikia barua ya onyo: kuchukua dawa na mali ya mkuu wa kituo bila idhini. Kisha nikaenda kwenye semina kueleza jinsi mimi nilivyoitambua dengi. Ndiyo maana picha yangu imetundikwa pale mapokezi. Sista aliomba uuguzi mkuu mara tatu. Mara tatu faili lilifunguliwa, barua yangu ikasomwa, nafasi ikaenda kwa mwingine. Na kila mara yeye ndiye aliyewafundisha kazi hao wakubwa wake wapya, kwa bashasha iliyoniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo wasifu huu ni barua pia, na unaifuta ile ya kwanza. Nimemwomba daktari wa sasa auweke kwenye faili kabla halijafungwa, na aishushe picha. Juzi Sista alikuja kunitazama kitandani, nikamwambia yote. Akauliza ni kitu gani kilinizuia miaka ishirini na saba. Nikasema aibu. "Ungeona aibu wiki mbili zaidi, mzee," akasema, "ungeniponyoka." Nilipoomba msamaha, alisema atasoma kwanza.

Haya, Sista, soma. Asante kwa kazi, na kwa miaka yote niliyoishi tangu siku ile ya kiatu. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na vicheko, usio na daktari wa kukusumbua. Nasubiri jibu lako. Tafadhali usichukue muda kama nilioutumia mimi.